Émile Reynaud: Aliyetandaza picha juu ya picha, akafa maskini

MTU anapotazama video katika simu ya mkononi na kugusa kioo kwa kidole, alama za kusimamisha, kurudisha nyuma na kusogeza mbele hujitokeza juu ya picha, nayo picha huendelea kuonekana chini yake bila kukatika. Baada ya sekunde chache alama hizo hufifia na kutoweka, kana kwamba hazikuwapo.

Kwa watengenezaji wa programu za simu, kazi hiyo ni kutandaza tabaka angavu juu ya video. Tabaka la chini ni la picha zinazotembea. La juu ni la alama zinazosubiri kuguswa. Mtazamaji huona kitu kimoja, ilhali mbele yake viko viwili.

Mamilioni ya watu hulitumia tabaka hilo kila siku bila kulifikiria. Hata hivyo, wazo la kutenganisha kinachotembea na kilichotulia, kisha kuvikutanisha mbele ya macho kwa kupitia kitu kinachopitisha mwanga, lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Miongoni mwa walioanza kulifanyia kazi kwa mikono yao ni Mfaransa Émile Reynaud, aliyefariki dunia mwaka 1918 akiwa fukara, baada ya kuiharibu yeye mwenyewe sehemu kubwa ya kazi iliyompatia jina.

Mtoto wa fundi na mchoraji

Charles-Émile Reynaud alizaliwa Desemba 8, 1844 katika mji wa Montreuil, jirani na Paris. Baba yake alikuwa fundi wa kazi za saa na mchonga medali. Mama yake alikuwa mchoraji wa rangi za maji, aliyewahi kufundishwa na Pierre-Joseph Redouté, mchoraji wa maua aliyesifika Ulaya nzima.

Kijana huyo alipata elimu yake ya awali nyumbani. Kwa baba alijifunza vyuma na vipimo, kwa mama akajifunza brashi na rangi. Urithi huo wa pande mbili ndio uliotawala maisha yake yote, kwani kila alichokibuni baadaye kilikuwa nusu mashine na nusu mchoro.

Akiwa na umri wa miaka 14 aliingia uanagenzi jijini Paris, katika karakana ya vifaa vya sayansi. Baadaye alifanya kazi katika studio ya mpiga picha Adam-Salomon, ambako alijifunza kurekebisha picha za watu kwa ncha ya brashi.

Mwaka 1864 alikutana na padri Moigno, mwanazuoni aliyekuwa akitoa mihadhara ya sayansi kwa watu wa kawaida, huku akirusha picha ukutani kwa taa maalumu. Reynaud akawa msaidizi wake. Hapo ndipo alipotambua kwamba picha kubwa iliyotengenezwa kwa mwanga humfikia hata yule asiyejua kusoma.

Baba yake alipofariki mwaka 1865, Reynaud na mama yake walihamia Le Puy-en-Velay, mji ulio katika nchi ya milima ya kusini ya kati ya Ufaransa. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe alisimama mbele ya wenyeji wa mji huo akiwafundisha sayansi kwa taa ya kurushia picha, kama alivyofunzwa na padri yule.

Kopo la biskuti

Zama hizo kilikuwapo kichezeo kilichopendwa sana, yaani pipa dogo lenye nyufa nyembamba ubavuni na utepe wa michoro ndani yake. Pipa lilipozungushwa, mtazamaji aliyechungulia kwenye nyufa aliiona michoro ikitembea. Kasoro yake ni kwamba nyufa ziliruhusu mwanga kidogo mno, na picha zikaonekana za giza na zenye kukatikakatika.

Mwishoni mwa mwaka 1876 Reynaud alichukua kopo la biskuti akaanza kulifanyia majaribio. Badala ya nyufa, aliweka katikati ya kopo vioo vidogo vya kujitazamia vilivyopangwa kwa duara, idadi yake sawa na ya michoro. Kila mchoro ulikuwa na kioo chake. Kopo lilipozunguka, taswira ya mchoro mmoja ilipokewa na ya mchoro uliofuata bila pengo la giza kati yake.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Picha zilikuwa angavu, laini na zenye rangi kamili. Chombo hicho alikiita praksinoskopu, na Agosti 30, 1877 akakiombea hataza. Baadaye mwaka huohuo alihamia Paris kuanzisha karakana ya kukitengeneza kwa ajili ya kuuza, na mwaka 1878 chombo chake kilitajwa kwa heshima katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika jijini humo.

Kwa mtu mwingine hayo yangetosha, kwa kuwa kichezeo kilikuwa kikiuzika na jina lilikuwa likikua. Lakini Reynaud alikuwa akisumbuliwa na jambo moja. Wanasesere wake walikuwa wakirukaruka katika utupu, bila nyumba, bila bustani, bila mahali.

Kioo kati ya picha mbili

Jibu alilipata mwaka 1879, mwaka uleule aliomwoa Marguerite Rémiatte. Alitengeneza sanduku lenye praksinoskopu ndani yake, kisha mbele ya macho ya mtazamaji akaweka kipande cha kioo angavu. Wanasesere walichorwa juu ya weusi mtupu, na walionekana kwa kupitia kioo hicho. Papo hapo, kioo kilirudisha taswira ya kadi iliyochorwa mandhari, nayo ilikuwa imewekwa mahali ambapo mtazamaji hakuiona moja kwa moja.

Asiyeelewa namna hiyo anaweza kulikumbuka basi linaloondoka Masasi alfajiri kuelekea Dar es Salaam. Linapopita Nanganga kabla ya mapambazuko, huku taa za ndani zikiwaka, abiria anayetazama dirishani huuona uso wake ukielea juu ya miti ya nje. Miti haijaingia ndani ya basi, wala uso haujatoka nje. Kioo ndicho kinachovikutanisha.

Reynaud aliligeuza jambo hilo kuwa sanaa. Mwanasesere mmoja aliweza kucheza leo bustanini na kesho chumbani kwa kubadilishwa kadi tu, bila mchoro wake kuguswa. Kilichotembea kilikuwa na tabaka lake, kilichotulia kikawa na lake, na kila kimoja kiliweza kubadilishwa bila kukiharibu kingine.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika simu za leo, ingawa vifaa ni vingine kabisa. Mtengenezaji wa programu haandiki alama ndani ya video, kwa kuwa kufanya hivyo kungemlazimu kuichora upya kila picha. Huziweka alama katika tabaka la juu na kuiacha video iendelee na safari yake chini.

Kidole kinapogusa kioo, simu hupima mahali kilipotua, kisha huliuliza kwanza tabaka la juu kama mahali hapo pana kitu chake. Kikiwapo, kitu hicho huitikia. Kisipokuwapo, na kama tabaka limepangwa kupisha, mguso hushuka hadi tabaka la chini.

Mitego nayo ipo. Kisichoonekana kwa jicho si lazima kiwe kimepisha kidole. Tabaka lisiloonekana kabisa laweza kuimeza miguso yote, na mtumiaji akabaki anagusa bila kujibiwa. Ndiyo maana mtengenezaji hulazimika kuamua mambo mawili mbalimbali, yaani nini kionekane na nini kiitikie.

Utepe wa rangi na mwanga

Mwaka 1880 Reynaud alipata namna ya kuirusha michoro yake juu ya pazia. Lakini kopo la duara lilibeba michoro michache tu, na mchezo ulijirudia kila baada ya sekunde moja au mbili. Alitaka kusimulia hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho.

Desemba 1, 1888 aliombea hataza mtambo aliouita Théâtre Optique, yaani jukwaa la mwanga. Badala ya duara, alitumia utepe mrefu uliosafiri kutoka gurudumu moja hadi jingine. Utepe huo ulikuwa na vipande vya mraba vya jelatini angavu vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na mchoro uliopakwa rangi kwa mkono. Matundu yaliyotobolewa katika utepe yaliuongoza usiteleze.

Taa mbili zilifanya kazi kwa pamoja nyuma ya pazia. Moja ilirusha mandhari iliyotulia. Ya pili ilirusha wanasesere, ambao pembeni mwao palipakwa rangi nyeusi ili mwanga usivuje na kuiharibu mandhari. Juu ya pazia tabaka hizo mbili zikawa ulimwengu mmoja.

Mendeshaji alikuwa Reynaud mwenyewe. Kwa mikono yake miwili aliyazungusha magurudumu, akapunguza mwendo, akasimamisha, akarudisha nyuma na kurudia pale palipochekesha. Onyesho la michoro mia chache liliweza kudumu dakika 10 au zaidi kwa sababu alikuwa akiicheza picha kama mpiga kinanda anavyocheza kinanda.

Katika sehemu fulani za utepe alibandika vipande vya fedha vilivyopitisha umeme. Kipande kilipofika mahali pake na kugusana na chuma cha mtambo, sumaku ya umeme iliamka na kutoa mlio, mathalani wa fimbo inapotua mgongoni mwa mhusika. Mguso ukazaa jibu, katika utepe wenye picha angavu, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria simu ya kugusa.

Nusu milioni ya watazamaji

Oktoba 28, 1892 maonyesho yalifunguliwa kwa umma katika Musée Grévin, jumba la sanamu za nta lililoko Boulevard Montmartre jijini Paris. Michezo mitatu ilionyeshwa: Pauvre Pierrot wenye michoro 500, Un bon bock wenye michoro 700, na Clown et ses chiens wenye michoro 300. Gaston Paulin ndiye aliyetunga muziki wake.

Watu walimiminika. Hadi maonyesho yalipokoma mwaka 1900, yalikuwa yamefanyika zaidi ya mara 12,000, na watazamaji wapatao nusu milioni walikuwa wameyaona. Ikumbukwe kwamba yalianza zaidi ya miaka mitatu kabla ya ndugu Lumière kuonyesha sinema yao mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Lakini mkataba ulikuwa umembana. Alilipwa faranga 500 kwa mwezi na sehemu ya kumi ya mapato ya kiingilio, na hakuruhusiwa kuonyesha kazi yake mahali pengine. Gharama za kutengeneza tepe na kuzikarabati zilikuwa zake. Jelatini ilichakaa kwa joto la taa na kwa kuzungushwa mara kadhaa kila siku.

Mwaka 1894 alilazimika kusimama kwa miezi kadhaa ili kuchora michezo mipya. Mmojawapo ni Autour d'une cabine, wenye michoro zaidi ya 600 kuhusu vituko vya watu waliokwenda kuogelea baharini. Unamalizika kwa mashua inayokatiza majini, na tanga lake linatangaza kwamba onyesho limekwisha.

Tangazo hilo lilikuja kuwa la kweli kuliko alivyodhani.

Ushindani usio na huruma

Desemba 28, 1895 ndugu Auguste na Louis Lumière walifungua maonyesho yao katika Grand Café, Boulevard des Capucines, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Musée Grévin. Mtambo wao ulipiga picha za mambo halisi: wafanyakazi wakitoka kiwandani, mtoto akilishwa, treni ikiingia stesheni.

Picha zao hazikuwa na rangi wala hadithi ndefu kama za Reynaud. Mwanzoni kila moja ilidumu chini ya dakika moja. Hata hivyo zilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Zilipigwa kwa muda mfupi, na kila mkanda ungeweza kutolewa nakala nyingi na kupelekwa miji mingi kwa wakati mmoja.

Utepe wa Reynaud ulikuwa mmoja tu. Ulifanana na kinyago cha mpingo cha mchongaji wa Kimakonde wa Newala au Masasi, ambacho kikishatoka katika gogo lake hakina pacha. Thamani yake iko katika mkono uliokichonga, na udhaifu wake sokoni uko hapohapo. Mkono hauwezi kushindana na mashine kwa wingi.

Reynaud hakukaa kimya. Mwaka 1896 alijaribu kutumia kamera, akawapiga picha wachekeshaji Footit na Chocolat waliokuwa maarufu Paris, kisha akazipaka picha hizo rangi na kuziingiza katika tepe zake. Mwaka uliofuata alifanya hivyo tena katika mchezo kuhusu kijana anayevuta sigara kwa mara ya kwanza. Lakini zama zilikuwa zimekwisha kugeuka.

Mwaka 1900 Musée Grévin lilifunga jukwaa lake. Mwaka 1902 aliombea hataza chombo cha kuonyesha picha zenye kina, lakini hakikumletea faida. Mtu aliyekuwa akichekesha halaiki kila jioni alianza kuishi kwa kubangaiza.

Nyundo na mto

Katika miaka ya mwanzo ya 1910, akiwa amekata tamaa, alichukua nyundo akauvunja mtambo wake, na vyuma vikauzwa kwa uzito. Kisha alizibeba tepe zake, moja baada ya nyingine, akazitosa katika mto Seine.

Maelfu ya michoro, kila mmoja ukiwa umepakwa rangi chini ya taa kwa uvumilivu wa miezi, yaliangamia majini. Kati ya michezo aliyoionyesha katika Musée Grévin, ni miwili tu inayojulikana kunusurika: Pauvre Pierrot na Autour d'une cabine.

Ni rahisi kumlaumu kwa kitendo hicho. Lakini ikumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na taasisi ya kuhifadhi sinema ambayo ingezipokea, na watu wengi waliona kazi yake kuwa kichezeo kilichopitwa na wakati. Aliharibu kitu ambacho dunia ilikuwa imeacha kukitazama.

Émile Reynaud alifariki dunia Januari 9, 1918 katika hospitali ya wagonjwa wasio na tiba huko Ivry, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 73. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, na Ufaransa ilikuwa na misiba mingi mno kuweza kuuona mmoja zaidi.

Wazo halikuzama

Kabla hajafariki, wazo la tabaka lilikuwa limekwisha kuchukua sura nyingine. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliombea hataza namna ya kuchora wahusika wa katuni juu ya karatasi angavu za seluloidi, zilizotandazwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Namna hiyo ilipunguza kazi kwa kiasi kikubwa, na kwa miongo mingi ikawa msingi wa viwanda vya katuni, kikiwamo cha Walt Disney.

Kugusa nako kulikuja kwa njia yake. Mwaka 1965 mhandisi Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, alieleza kwa maandishi namna kioo kinavyoweza kutambua kidole. Mwaka 2007 simu ya iPhone iliingia sokoni, na tangu hapo kutazama video na kuigusa vikawa tendo moja kwa watu wa kawaida.

Hakuna anayeweza kudai kwamba Reynaud alibuni simu. Alichokithibitisha ni kwamba jicho la mwanadamu liko tayari kuamini tabaka mbili kuwa ulimwengu mmoja, iwapo mwanga umepimwa vizuri na ya juu inajua kuipisha ya chini.

Heshima ilimfikia kwa kuchelewa. Mwaka 2002 chama cha kimataifa cha wasanii wa katuni, ASIFA, kiliichagua Oktoba 28, tarehe ya onyesho lake la kwanza katika Musée Grévin, kuwa Siku ya Kimataifa ya Katuni. Mwaka 2015 kazi zake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia.

Wahenga waliamini kwamba chanda chema huvikwa pete. Vidole vya Reynaud vilifanya kazi njema, lakini pete ilifika miongo mingi baada ya mazishi, na tepe nyingi ambazo ingezipamba zilikuwa zimekwisha kuyeyuka mtoni. Kwa vijana wanaobuni programu, wachoraji wa katuni na wachongaji wanaouza kwa wachuuzi bila mkataba ulioandikwa, maisha yake yanabaki kuwa onyo. Kipaji huanzisha kazi, bali masharti ya mkataba na uhifadhi wa nakala ndivyo huamua kama kazi hiyo itaishi kuliko mwenyewe.